Mombasa Ilikuwa ya Nani? Bendera Nyekundu na Barua za Oktoba 5, 1963

Wadau, leo naomba tuanze na swali jepesi la darasani. Desemba 12, 1963 Kenya ilipata uhuru kutoka kwa nani?

Wengi mtajibu haraka: kutoka kwa Mwingereza. Sawa. Ukiwa Nairobi, Nyeri au Kisumu, jibu hilo linatosha na unapewa alama zako zote. Lakini ukiwa Mombasa, Malindi au Lamu, jibu lina mkia. Mpaka usiku ule, kwa mujibu wa karatasi za Waingereza wenyewe, ardhi ile haikuwa mali ya Malkia wa Uingereza. Ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza alikuwa mpangaji, tena mpangaji anayelipa kodi kila mwaka.

Ndiyo maana nchi yenyewe iliitwa rasmi "Koloni na Himaya ya Kenya". Hiyo "na" ya katikati tuliisoma shuleni tukaipita kama tunavyopita alama ya mkato. Kumbe ndani yake kuna hadithi nzima ya wanadiplomasia, fedha, bendera na barua ambazo mpaka leo watu wa Pwani ya Kenya wanazitaja. Ngoja niisimulie kwa mpangilio, maana humu ndani kuna mambo yanayotuhusu hata sisi wa huku Tanga, Bagamoyo na Dar.

Maili kumi za Barghash

Mwaka 1885 Wajerumani walipotangaza kwamba wamechukua maeneo ya bara nyuma ya pwani yetu, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alipinga. Yeye alijiona mwenye mamlaka kutoka pwani mpaka maziwa makuu. Wazungu wakamwambia, sawa, tutaunda tume ichunguze mamlaka yako yanaishia wapi. Tume ikawa na wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Herbert Kitchener, yule yule aliyekuja kuwa jemadari mkubwa na Waziri wa Vita. Mwenye mali, yaani Sultani, hakuwa na kura ndani ya tume ile.

Mwisho wa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana. Sultani atatambuliwa kuwa na visiwa vyake, na kwa upande wa bara atabaki na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu za baharini, yaani kama kilomita 18 na nusu, kutoka upande wa mto Ruvuma hadi Kipini, pamoja na miji kadhaa ya Benadir huko Somalia. Bara yote ikagawanywa: kusini Mjerumani, kaskazini Mwingereza. Barghash alikubali mwezi Desemba kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

Tuelewane hapa. Maili kumi hizi hazikutokana na mpaka wowote wa kabila, mto wala soko. Wadigo, Wagiriama, Waswahili wa Vumba, Wazigua, wote walikatwa na mstari uliochorwa na watu waliokuwa wakigawana njia za kufikia bahari. Ukubwa wa ukanda ulipangwa kisiasa: uwe mpana kiasi cha kumwezesha Sultani kuitwa Sultani, uwe mwembamba kiasi cha kutomzuia yeyote kupita.

Mmoja alinunua, mwingine akapanga

Kutoka hapo mataifa mawili yakaenda njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo moyo wa makala hii.

Mjerumani kwanza alikodi upande wake kupitia kampuni. Kampuni ilipoanza kukusanya ushuru na kupandisha bendera yake mwaka 1888, watu wa pwani wakaongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wakawasha moto. Berlin ikalazimika kuleta jeshi. Kisha Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani zikasaini mkataba mkubwa: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata njia nyeupe ya kuitawala Zanzibar kama himaya yake. Mkataba huo huo ulisema Uingereza itatumia ushawishi wake ili Sultani auze ukanda wa upande wa Wajerumani. Akauza, kwa marki milioni 4, sawa na paundi kama 200,000 za wakati ule. Ufaransa nayo ilinyamazishwa kwa kutambuliwa Madagascar. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakigawana dunia: kisiwa hiki kwa kile, na deni likibaki linalipwa kwa kisiwa cha tatu.

Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na Mikindani zikauzwa moja kwa moja. Ndiyo sababu Tanganyika ilipokuwa inadai uhuru, hakuna aliyesimama Bagamoyo akasema ardhi hii ni ya Sultani. Biashara ilikwishafungwa miaka 71 kabla ya 1961.

Mwingereza yeye hakununua. Upande wake alikuwa ameuachia kampuni ya William Mackinnon, iliyopewa idhini ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ikafilisika kwa kujaribu kuitawala Mombasa mpaka Uganda kwa mtaji mdogo. Mwaka 1895 serikali ya London ikaamua kuichukua kazi yenyewe, na wenye kampuni wakalipwa fidia ya paundi 250,000.

Sasa ukiuliza fedha zilitoka wapi, ndipo mtu anapocheka kwa uchungu. London ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilizobaki zilitoka kwenye akiba ya Sultani, fedha zile zile alizolipwa na Mjerumani kwa kuuza pwani yetu! Yaani Tanga na Kilwa ndizo zilizomkomboa Mackinnon kule Mombasa. Waingereza wakaahidi kumlipa Sultani riba ya asilimia 3 kwa fedha zake, yaani paundi 6,000 kwa mwaka. Ukiongeza kodi ya paundi 11,000 unapata 17,000. Ndiyo bei ya mwaka ya ukanda kutoka Vanga hadi Kipini na visiwa vya Lamu juu yake.

Mkataba ulitiwa saini Desemba 14, 1895 kati ya Sultani Hamed bin Thuwaini na Arthur Hardinge kwa niaba ya Uingereza. Ulisema Waingereza watatawala, watakusanya ushuru, watatoa ardhi na watasimamia mahakama, lakini enzi ya Sultani haitaguswa. Miezi minane baadaye Hamed akafariki, Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ruhusa ya Mwingereza, na Agosti 27, 1896 manowari zikalipiga jumba lile kwa muda usiozidi dakika 45. Enzi isiyoguswa ilikuwa na maana gani, kila mtu alielewa siku ile.

Na watu wa Mombasa waliulizwa? Hapana. Wao waliitwa kwenye baraza wakatangaziwa. Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alipigana mpaka Aprili 1896, akashindwa, akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani.

Bendera juu, sheria chini

Miaka 68 iliyofuata ilikuwa ya ajabu kidogo. Juu ya Fort Jesus ilipepea bendera nyekundu ya Sultani. Miji ilikuwa na maliwali na mamudiri, na kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu zilikwenda kwa kadhi. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni, pwani ikabaki Himaya. Kwa mwanasheria tofauti ilikuwa kubwa. Kwa mchukuzi wa mizigo pale Kilindini ilikuwa hakuna: gavana alikuwa mmoja, polisi mmoja, reli moja.

Reli! Hiyo ndiyo iliyoamua mambo kuliko mkataba. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Kutoka hapo, bandari iliyo ndani ya ukanda wa Sultani ikawa mdomo wa Kenya na Uganda nzima. Mpangaji alikuwa amejenga sebule yake yote ndani ya kibanda cha mwenye nyumba.

Halafu kuna ardhi. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Mwenye madai alitakiwa kwenda kujiandikisha na kuonyesha kwamba kipande ni chake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi waliopata hati walikuwa Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi, watu waliozoea karatasi na waliokuwa wakitambuliwa kuwa raia wa Sultani. Wamijikenda walimiliki kwa ukoo na kaya, si kwa karatasi. Kwa hiyo watu wengi wakajikuta maskwota juu ya ardhi ya babu zao. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mwambao wachemka

Ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 na uhuru ukaanza kunukia, swali lililolala likaamka. Kama Mwingereza ni mpangaji, akiondoka si anamrudishia funguo mwenye nyumba?

Ndivyo walivyojenga hoja wanaharakati wa Mwambao. Wapo waliotaka pwani irudi kwa Sultani, wapo waliotaka ijitegemee, na wapo waliotaka angalau utawala wa ndani. Chama cha Coast People's Party kilikuwa miongoni mwa wasemaji wao, na kijana Abdilahi Nassir wa Mombasa, aliyekuja kuwa mwanachuoni mashuhuri wa Kiislamu na kufariki mwaka 2022, alikuwa mmoja wa sauti zake kubwa. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Waliogopa kumezwa na bara, kupoteza mahakama za kadhi, kupoteza ardhi na kuwa wageni mjini kwao.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja nzito. KANU ya Jomo Kenyatta haikutaka kusikia habari ya nchi isiyo na bandari. KADU ya Ronald Ngala, Mgiriama wa Pwani, ilitaka majimbo, ili watu wa Pwani wajiendeshee mambo yao ndani ya Kenya bila Sultani. Na hapa ndipo Mwambao ulipokwama: Wamijikenda walikuwa wengi, na wengi wao hawakuona sababu ya kuipigania bendera nyekundu. Kwao kumbukumbu ya utawala ule ilikuwa ni utumwa na hati za ardhi walizonyimwa.

Septemba 1961 Uingereza na Sultani kwa pamoja wakamteua Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, achunguze. Alizunguka Pwani mwezi Oktoba, akasikiliza watu, na kabla mwaka haujaisha ripoti ilikuwa tayari. Jibu lake: ukanda uunganishwe na Kenya, mkataba wa 1895 ufutwe, Sultani alipwe fidia, na Waislamu wa Pwani wapewe dhamana juu ya dini, makadhi na ardhi. Hakupendekeza kura ya maoni iamue.

Machi 1962 hoja ikapelekwa Lancaster House, London, mbele ya Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling. Wajumbe wa Mwambao walikwenda, wakazungumza. Lakini jambo halikumalizwa pale. Likaachwa kwa serikali. Na serikali, wadau, zinapoachiwa jambo, wananchi hutoka nje ya chumba.

Barua za Oktoba

Mwaka 1963 ukaenda kasi. Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Mwezi huo huo Mohamed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Mkuu wa Zanzibar. Julai Sultani Abdullah akafariki, mwanawe Jamshid akakalia kiti. Nchi zote mbili zilikuwa zinasubiri uhuru Desemba.

Shamte angefanya nini? Hakuwa na jeshi la kuishika Mombasa. Serikali yake ilishinda uchaguzi kwa viti huku ASP ikiwa na kura nyingi zaidi, kwa hiyo hata nyumbani alikalia kaa la moto. Waingereza walikwishaonyesha wanaegemea wapi. Kwa maoni yangu alikuwa na karata moja tu mkononi, nayo ni sahihi yake, na aliamua kuibadilisha kwa ahadi.

Oktoba 5, 1963 mawaziri wakuu hao wawili wakabadilishana barua. Kwa ufupi, Kenya iliahidi mambo matano. Uhuru wa kuabudu, na Waislamu waliokuwa raia wa Sultani pamoja na vizazi vyao kulindiwa majengo na taasisi zao za dini. Mahakama za Kadhi Mkuu na makadhi wengine kuendelea kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi kuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu, kadiri itakavyowezekana, na shule za msingi za Kiislamu kupata ruzuku. Na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani kutambuliwa wakati wote, isipokuwa serikali ikihitaji ardhi kwa manufaa ya umma, na hapo italipa fidia kamili bila kuchelewa.

Siku tatu baadaye, Oktoba 8, mkataba wenyewe ukasainiwa London na pande nne: Uingereza, Sultani, Kenya na Zanzibar. Siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda hautakuwa tena sehemu ya dola ya Sultani na utakuwa Kenya. Basi. Zanzibar ikapata uhuru Desemba 10. Siku mbili baadaye Kenya nayo ikawa huru, na zama za bendera nyekundu Mombasa zikaisha.

Mlinzi wa ahadi yuko wapi?

Soma tarehe inayofuata polepole: Januari 12, 1964. Mapinduzi. Serikali ya Shamte ikaanguka ikiwa na umri wa mwezi mmoja na siku mbili. Jamshid akakimbia kwa meli, Kenya ikamkatalia kushuka Mombasa, mji ambao wiki tano tu nyuma ulikuwa wake kwenye karatasi. Akapita Dar es Salaam akaenda Uingereza, akaishi Portsmouth miaka mingi. Alihamia Oman mwaka 2020 na kufariki huko Desemba 30, 2024. Zanzibar nayo ikaungana na Tanganyika Aprili 26, 1964.

Unaona shida ilipo? Ahadi za Oktoba 5 zilitolewa na Kenya kwa Zanzibar. Watu wa Pwani, waliokusudiwa kulindwa, hawakuwa upande katika barua zile. Aliyeahidiwa akatoweka kwenye ramani ya siasa, na serikali mpya ya Unguja haikuwa na sababu ya kudai haki zilizoombwa na utawala iliyoupindua. Aliyeahidi akabaki peke yake na karatasi yake.

Kilichodumu ni kile kilichoingizwa kwenye sheria ya Kenya yenyewe. Mahakama za kadhi ziliwekwa katika katiba ya uhuru, na pamoja na malumbano makali ya kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, zimo katika katiba mpya, kifungu cha 170. Habari ya Kiarabu na ya maofisa Waislamu ilibaki ndani ya barua. Tena maneno "kadiri itakavyowezekana" ni mlango ambao serikali yoyote inaweza kutokea bila kuonekana imekimbia. Majimbo ya Ngala nayo yalikufa ndani ya mwaka mmoja. KADU ilivunjwa Novemba 1964.

Na ardhi? Ahadi ya ardhi ilitekelezwa vizuri kwa mwenye hati. Lakini kuilinda hati ya mwenye nayo ni kuuthibitisha ukwasi wa 1908 na uskwota wa 1908 kwa pamoja. Mgiriama au Mdigo asiye na hati hakupata kitu katika barua zile. Hakuwa raia wa Sultani aliyestahili kulindwa, na hakuwa KANU iliyotaka bandari. Miongo ikapita, kilio cha maskwota kikawa ndio wimbo mkuu wa siasa za Pwani.

Ndiyo maana kundi la MRC lilipoibuka na kauli yake ya "Pwani si Kenya", likishika mikataba ya 1895 na 1963 mkononi, lilipata masikio hata kwa watu ambao babu zao hawakumpenda Sultani. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012. Ulienea pia uvumi kwamba mkataba wa 1963 ulikuwa wa miaka 50 na ungekwisha 2013. Hakuna kitu kama hicho. Ukanda ulitolewa moja kwa moja, si kwa kukodishwa. Lakini uvumi hauoti kwenye jiwe. Huota pale ambapo watu wanajua kuna karatasi ilisainiwa juu yao na hawajawahi kusomewa.

Mimi simo katika kundi la wanaosema Mombasa ingerudi kwa Sultani. Ukanda wa maili kumi wenye bandari ya nchi mbili, unaotawaliwa kutoka kisiwani, ungekuwa vita ndani ya mwaka mmoja. Robertson aliona ukweli huo. Kosa halikuwa kuiunganisha Pwani na Kenya. Kosa lilikuwa kuimaliza kesi ya watu kwa kubadilishana ahadi kati ya serikali mbili, huku wenyewe wakiwa nje, halafu kuita hiyo ni suluhu.

Na msidhani mtindo huo umepitwa na wakati. Mei 22, 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba kuhusu visiwa vya Chagos, ndani yake Diego Garcia ikiwekewa upangishaji wa miaka 99. Wapo Wachagos, waliohamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973, waliolalamika kwamba hawakushirikishwa. Kodi, enzi, kisiwa, na watu wanaosubiri nje ya mlango. Tangu 1895 kilichobadilika zaidi ni bei.

Kwa hiyo mdau ukifika Fort Jesus, tazama mlingoti. Mwongozaji atakueleza habari za Mreno na Mwarabu wa Oman. Muulize na hii: siku bendera nyekundu ilipopaswa kushuka kwa mkataba, nani alibaki na nakala ya barua?

Karibuni tujadili. Wa Mombasa, Lamu na Kwale, nawasubiri zaidi nyinyi.